Waridi la Ofisi ya Mwenyekiti

Inatangazwa kwa Wanajumuiya wote wa Louisville, Columbus na Buffalo kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba hakuna waridi litakaloruhusiwa kukabili majira ya baridi bila kibali cha maandishi. Waridi litakalokutwa limesimama nje bila kibali litahesabiwa kuwa limejitakia lenyewe.

Tangazo hilo niliandika mimi, Zenoni, Katibu Mkuu wa Kamati ya Upimaji wa Ustahimilivu wa Mawaridi, kwa kifupi KUUMA. Kifupi hicho kilipitishwa kwa kura zote kabla mtu hajakisoma kwa sauti.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni Warundi tuliokulia kwenye kambi za Tanzania, tukaletwa Marekani kwa ndege, kila familia na mfuko wake wa makaratasi. Wengine tulishushwa Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo, na hakuna aliyeulizwa anaiweza baridi kiasi gani. Siku za kazi tunafunga maboksi maghalani na kukata kuku viwandani. Jumapili tuna vyeo.

Miaka miwili iliyopita Umoja wetu ulikubaliana jambo zuri, ambalo nakiri halikutoka kwa uongozi. Mama Delfina wa tawi la Buffalo, jina lake la ubatizo Veridiana, alisema tupande mawaridi milangoni pa makanisa yetu, kila waridi kwa jina la mtu wetu aliyebaki kambini chini ya udongo. Kila Juni majina yasomwe mkutanoni. Watu walilia, wakapiga makofi, wakaenda kupanda. Yeye alipanda jeupe kwa jina la Delfina, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kwa malaria kambini Mtabila akiwa na miaka sita. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Nestori, ambaye kwa neema ya Mungu ndugu zake wote walifika salama, hakuwa na marehemu wa kumpandia. Akanunua waridi la njano, kubwa, la kutoka kwenye katalogi, akalipanda mlangoni pa kanisa letu la Iroquois, Louisville, kwa jina la Ofisi ya Mwenyekiti.

Baridi ya kwanza ikaua zaidi ya nusu. Akina mama walisimama mbele ya vijiti vyeusi wakawa kama watu waliofiwa mara ya pili. Uongozi ulikaa, ukatafakari kwa kina, ukagundua kwamba kilichoua mawaridi si baridi, ni ukosefu wa utaratibu.

Ndiyo KUUMA ikazaliwa. Wajumbe walikuwa watatu: Mheshimiwa Nestori, mimi, na Wanza, binti wa Kikenya anayesomea bustani chuo kikuu huko Columbus, mwenye chumba cha kupanga mtaa wa Linden. Wanza aliteuliwa Mshauri wa Kitaalamu. Majukumu yake yaliandikwa bayana: kushauri pale atakapoombwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa fomu. Fomu KUUMA Namba Moja ina kurasa kumi na moja, na kila mwenye waridi alitakiwa kuijaza kwa niaba ya waridi lake. Waridi lilizaliwa wapi? Limewahi kuishi katika jimbo jingine? Kwa nini linaogopa kurudi lilikotoka? Taja mambo matatu litakayochangia katika jamii mpya. Mtu mmoja akanung'unika, na Mwenyekiti akamjibu kwamba maswali hayo hayo yeye aliulizwa miaka minne kabla hajapanda ndege, na hayakumdhuru.

Kazi ya pili ilikuwa kupanga kinga kwa madaraja. Daraja la Tatu lilikuwa gunia. Daraja la Pili lilikuwa kofia ya foam nyeupe, yenye umbo la ndoo iliyogeuzwa. Daraja la Kwanza lilikuwa blanketi la umeme ndani ya nailoni ngumu, pamoja na waya wa kuvutia umeme kutoka jengo la karibu lenye hadhi. Waridi moja tu lilifuzu Daraja la Kwanza. Udongo ulipigwa marufuku kabisa.

"Kufukia ni maziko," alisema Mwenyekiti. "Hatuwezi kumzika raia aliye hai."

Wanza akainua mkono. "Lakini Mzee, hiyo ndiyo njia ya kawaida. Baridi ikishakaza kidogo unarundika udongo kwa shina, kama futi moja hivi, na majani makavu juu. Matawi yakikufa si neno, mradi chini kuwe salama. Hiyo blanketi ndiyo itasumbua. Mmea utasikia joto, utadhani ni April, utachipua, halafu baridi iupate uchi."

"Dada Wanza, umesomea mimea?"

"Ndiyo."

"Na katiba yetu umeisoma?"

"Bado."

"Basi."

Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba Mshauri alishukuriwa.

Wiki ya pili ya Novemba Mama Delfina akanipigia simu kutoka Cheektowaga, anakoishi karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa kwenye mapumziko ya ghalani. Nilisikia mashine nyuma yake.

"Katibu, naomba kibali cha kumfukia Delfina. Baridi imeshafika huku."

"Mama Delfina, udongo hauruhusiwi. Kofia za foam zipo."

"Kofia? Upepo wa huku unazipeleka uwanja wa ndege. Jana kofia ya jirani imenipita barabarani, nami nilikuwa ndani ya gari."

"Basi andika ombi maalumu. Litapelekwa kwenye kikao cha Januari."

"Januari udongo utakuwa jiwe, Katibu."

"Ndiyo maana tunasisitiza watu waombe mapema, Mama."

Simu ikakatika, bila shaka kwa tatizo la mtandao. Jumamosi iliyofuata mama huyo alibeba ndoo nane za udongo kutoka nyuma ya nyumba yake, akazimwaga juu ya shina la waridi mlangoni pa kanisa, akaweka majani makavu, akazungushia wavu ili upepo usiyachukue. Kibali hakuwa nacho. Nilifungua faili.

Majira yale yalikuwa makali. Buffalo theluji ilifika kwenye vitasa vya milango. Louisville, kwa upande wetu, hali ilikuwa ya kutia moyo: mwishoni mwa Januari Mwenyekiti alichungulia kwenye nailoni, akaona majani mapya ya kijani, akatangaza kwenye kikundi cha simu kwamba waridi la Ofisi limechipua la kwanza katika miji mitatu. Alituma picha kumi na saba. Katikati ya Februari ikanyesha mvua ya barafu, nyaya zikaanguka, na mtaa mzima wa Iroquois ukakaa siku tatu bila umeme. Katika taarifa ya mwezi niliandika kwamba waridi la Ofisi lilipokea kukatika kwa umeme kwa utulivu mkubwa.

Ukaguzi rasmi ulifanyika juma la kwanza la Machi. Wanza alikuwa na maoni kwamba waridi halihukumiwi mpaka mwisho wa Aprili, lakini Machi ndipo kiwanda cha kuku kilipompa Mwenyekiti likizo. Inafaa niseme hapa kwamba kazini Mheshimiwa Nestori anasimama mstari wa mwisho, penye baridi, na msimamizi wake ni kijana anayemwita kwa kupiga mluzi. Sisemi hivyo kumdharau. Nasema ili ieleweke jinsi alivyofunga tai asubuhi ile tulipoanza safari.

Waridi la Ofisi tulilikagua kwanza, bila kulifunua. Uhai wake ulithibitishwa kwa kauli ya mwenye waridi. Tukaendesha mpaka Columbus, tukamchukua Wanza, tukamkagua Rakeli wa Linden, mama mwenye sauti nzito anayesimamia shifti ya usafi hospitalini. Waridi lake lilikuwa la kaka yake marehemu. Alivua kofia ya foam, vijiti vikatoka na ukungu mweupe. Wanza alikwaruza gome kwa ukucha, chini pakaonekana kijani.

"Liko hai," alisema.

"Limesimama wima," alisema Mwenyekiti. "Hilo ndilo la msingi." Likapita.

Cheektowaga tulifika saa tisa mchana. Theluji ilikuwa imerundikwa kando ya maegesho ya kanisa kama ukuta. Mama Delfina alikuwa anatusubiri mlangoni, koti la kazi juu ya kitenge, na nyuma yake palikuwa na tuta la udongo lenye vijiti vitatu vyeusi vilivyochomoza. Mwenyekiti akalitazama tuta lile.

"Hili ni kaburi," alisema.

"Ni kinga," alisema Mama Delfina.

"Mheshimiwa, hapa ndipo pako salama kuliko kote tulikopita," alisema Wanza, bila kuombwa.

Mwenyekiti akafungua Mwongozo. Kwa mawaridi yasiyoonekana, utaratibu ulikuwa ule ule wa uhakiki kambini: jina linaitwa mara tatu, asiyeitika amekosa. Aliutunga yeye mwenyewe, kwa kumbukumbu, maana kule alikuwa kiongozi wa bloku na kazi ya kuita ilikuwa yake. Akasafisha koo.

"Delfina!"

Lori likapita barabarani.

"Delfina!"

Nilimtazama mama. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama mtu anayetaka kumjibia mtoto.

"Delfina!"

Hakuna kilichojibu. Mwenyekiti akageuka kwangu. "Katibu, andika. Limekufa. Ling'olewe ndani ya siku thelathini, na jina litolewe kwenye orodha ya Juni."

"Mtoto wangu alishafutwa mara moja," alisema Mama Delfina. Hakupandisha sauti. "Kwenye kadi ya posho. Tulikuwa watano, tukawa wanne, na mwandishi alipuliza wino ukauke haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Wewe, Zenoni, unapuliza?"

Nilikuwa napuliza. Kalamu ilikuwa inasumbua kwa baridi. Nikaacha, nikatia saini, nikagonga muhuri. Macho yangu yaliingia ukungu, jambo ambalo niliripoti chini ya kichwa cha hali ya hewa.

Mwenyekiti akaagiza koleo, ili tung'oe papo hapo na kuokoa safari nyingine. Mama Delfina akasimama juu ya tuta kwa viatu vya ghalani. "Anza na mimi," alisema. Wanza naye akapanda, akasimama kando yake, akavuta kofia ya koti juu ya masikio. Kikao kikaahirishwa. Sababu iliyoandikwa ni kwamba ardhi haikutoa ushirikiano.

Njiani kurudi tulivuka Cleveland. Hapo Wanza, kwenye kiti cha nyuma, akaniuliza, "Katibu, una watoto?" Nikamjibu kwamba ninao wawili. Hakuuliza kingine.

Mwezi wa Aprili nailoni ikafunuliwa Louisville mbele ya kwaya. Matawi yote ya juu ya waridi la Ofisi yalikuwa makavu, lakini kutoka chini kabisa yalipanda machipukizi marefu, membamba, yenye kasi ya ajabu. Kufikia mwezi wa Mei yalimzidi Mwenyekiti kimo. Kamati ikalitunuku Nishani ya Ustahimilivu. Mwenyekiti akaamuru kwamba matawi yote ya Umoja yapande vitawi vya waridi hilo pale palipokuwa na mawaridi yaliyokufa, tukianza na Cheektowaga. Wanza alipiga simu mara nne akisema majani yale hayafanani na ya mwaka jana. Hoja yake niliiweka kwenye ajenda, kipengele cha mwisho, Mengineyo.

Wakati huo huo Mwenyekiti alipata fununu kwamba watu wa Columbus wananunua mawaridi mapya dukani na kuyapanda penye yaliyokufa. Kwa hasira akatunga Kanuni ya Kumi na Nne: waridi litakalobadili rangi bila kibali litahesabiwa kuwa limekufa tangu siku ya badiliko, na jina lililosajiliwa nalo litakoma, pamoja na yote yaliyofanywa kwa jina hilo baada ya hapo. Nilisifia lugha yake. Nikachapa nakala mia mbili.

Mkutano mkuu ukafanyika Louisville, Jumamosi ya pili ya Juni. Watu walijaa ukumbi na maegesho. Waridi la Ofisi lilikuwa limefunikwa kitambaa cha rangi ya dhahabu, na kwaya ilikuwa imevaa njano ili kulingana nalo. Mama Delfina alifika kwa gari baada ya kuendesha usiku kucha, mikononi ana mtungi wa plastiki wenye mawaridi meupe saba. Akauweka juu ya meza yangu, juu ya makaratasi.

"Haya ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mtoto uliyemtilia saini."

Ukweli ni kwamba vijiti vile vitatu vilikuwa vimekufa kweli. Lakini mwezi wa Mei alipoondoa udongo kidogo kidogo kwa mkono, chini palikuwa pametoka machipukizi manne.

Mwenyekiti aliyatazama maua. "Mama Delfina, pole na safari. Lakini cheti kipo. Waridi haliwezi kufufuka bila kikao."

"Kikao si ndiyo hiki?"

"Halimo kwenye ajenda."

Akapanda jukwaani haraka. Alizungumza dakika arobaini juu ya uongozi unaochipua panapowashinda wengine, kisha akavuta kitambaa.

Maua yalikuwa mengi. Yalikuwa madogo, mekundu ya kuiva kama damu ya zamani, na majani yalikuwa na madoa meusi. La njano halikuwepo hata moja. Kwaya iliyokuwa imeshavuta pumzi ikaitoa bila wimbo.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti, "hii ni njano iliyokomaa."

Mchungaji Cyubahiro, mwenyeji wetu, mzee mpole asiyeingilia mambo, akasimama. "Tuna mtaalamu hapa. Tumwombe."

Kwa mara ya kwanza tangu Kamati iundwe, Mshauri akaombwa. Wanza alikuja mbele na mikono mifukoni.

"Waridi la dukani mara nyingi ni la kubebeshwa," alisema, "kama vile maembe. Juu wanaweka ile njano mnaitaka, na chini wanaweka shina la waridi lingine, gumu, la kazi. Njano ya Mzee ilichipua January kwa sababu ya blanketi. Stima ikapotea February, ikafa. Hii mnaona ni shina la chini. Limekuwa likimbeba siku zote, sasa limejitokeza. La Mama Delfina ni tofauti. Alipewa kitawi na jirani yake, bibi wa Kipolandi, kikaota mizizi yake. Hakuna aliyembeba. Likifa juu, linarudi lile lile."

"Unasema lilikufa lini?" aliuliza Rakeli wa Columbus kwa sauti yake nzito, kutoka safu ya tatu. Alikuwa ameshika Mwongozo, umefunguliwa.

"February. Katikati."

Rakeli akasoma Kanuni ya Kumi na Nne, neno kwa neno, polepole, kama anavyowasomea wafanyakazi wapya masharti ya dawa za kusafishia. Alipomaliza akavua miwani. "Waridi limebadili rangi. Kibali kipo?"

Niliangalia faili. "Hakipo."

"Limesajiliwa kwa jina gani?"

"Ofisi ya Mwenyekiti."

"Basi Ofisi ya Mwenyekiti ilikufa katikati ya Februari. Na Machi aliyekuja kwangu na tai, akaenda Cheektowaga kuita jina la mtoto wa watu mara tatu, alikuwa nani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu mia mbili. Mheshimiwa Nestori alinigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mluzi.

"Katibu. Ni kweli?"

Kwa miaka miwili nilikuwa na majibu ya kila namna kwa maswali ya aina hiyo. Nilimtazama Mama Delfina, aliyekuwa anapanga maua yake yasiinamie upande mmoja.

"Ni kweli, Mzee Nestori," nikasema.

Alikaa. Hakuna aliyemfukuza jukwaani. Kiti tu kilikuwa cha Ofisi, ikabidi atafutiwe kingine. Mchungaji Cyubahiro akasoma majina yote, ya mawaridi yaliyokufa na yaliyopona, na ya wale ambao hawakuwahi kuwa na waridi. Ilichukua nusu saa. Jina la Delfina liliposomwa, mama yake aliinamisha kichwa tu. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Uchaguzi ukafanyika kwa kunyoosha mikono. Mama Delfina alichaguliwa kuongoza Umoja, akauliza kama ni lazima, akaambiwa ni lazima, akavunja Kamati kabla ya chakula. Sina cheo sasa. Watu wananiita Zenoni na wakati mwingine hawaniiti.

Mwezi wa Oktoba Mzee Nestori aliniomba nimsindikize Buffalo. Mdogo wake wa mwisho, Protasi, alikuwa amefariki Agosti, ghafla, hapa hapa Louisville, na kwa mara ya kwanza Nestori alikuwa na mtu wa kumpandia, na hakutaka kumpandia kwingine ila kwa Mama Delfina, afundishwe. Alisafiri na waridi dogo la njano kwenye ndoo, akilishika kati ya magoti kwa saa nane.

Mama Delfina alitupokea uani kwake, Cheektowaga. Alisema pole, akamshika mkono kwa mikono miwili. Kisha akalichukua waridi, akaligeuza, akamwonyesha uvimbe juu ya mizizi, pale njano ilipobebeshwa. "Huu uingie chini ya udongo," alisema. "Huku kwetu, chini sana."

Nestori akavua koti, akafungua tai, akapokea koleo.

"Nichimbe mpaka wapi, Mama?"

"Chimba tu. Nitakwambia."

Akachimba. Mama akaingia ndani kuangalia maharage. Mpaka tunamwita kula, alikuwa bado hajaambiwa aache.